Mdogo wangu, usiache dawa kwa ajili ya bakteria

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniuliza kama kweli bakteria wa tumboni huweza kumtia mtu huzuni, na kama ni heri uache dawa za sonona ununue vidonge vya bakteria. La kwanza lina ukweli ndani yake. La pili, nakusihi, usilifanye.

Utumbo na ubongo huwasiliana mchana na usiku, hasa kupitia neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaotoka ubongoni hadi tumboni. Wengi hudhani ubongo ndio unaoamuru, kumbe takriban asilimia 80 ya nyuzi za neva hiyo hupandisha habari kutoka chini kwenda juu. Mwaka 2011 watafiti wa Ireland waliwalisha panya bakteria wa aina ya Lactobacillus, kisha wakawatia majini. Panya wale walikazana kuogelea ilhali wenzao wakikata tamaa mapema, na homoni yao ya msongo haikupanda sana. Wengine wakakatwa neva ya vagasi, wakapewa bakteria wale wale: hawakupata nafuu yoyote. Jaribio hilo hunisisimua kila nikilikumbuka, maana lilionyesha njia yenyewe habari inamopita.

Lakini hao ni panya. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji waliwapima watu zaidi ya 1,000, wakakuta bakteria wa Coprococcus na Dialister wamepungua kwa wenye sonona. Je, upungufu ndio ulioleta sonona, au sonona ndiyo iliyowapunguza? Upimaji wa namna hiyo hauwezi kusema.

Utasikia pia kwamba asilimia 90 ya serotonini, kemikali ya mwili inayohusishwa na hali ya moyo, hutengenezwa tumboni. Ni kweli, ila hiyo haivuki kuingia ubongoni, na wauza vidonge hulipita jambo hilo kimya.

Ninachokiamini zaidi ni chakula. Nyuzinyuzi za mboga, kunde na nafaka zisizokobolewa ndizo wanazokula bakteria hao, nao hutoa asidi zinazolisha ukuta wa utumbo na kupoza uvimbe mwilini. Utafiti wa Australia uliotolewa 2017 ulichukua watu 67 wenye sonona kwa wiki 12. Kati ya waliosaidiwa kubadili mlo, karibu theluthi walipona, dhidi ya asilimia 8 ya wenzao wasiosaidiwa hivyo. Na wengi wao walikuwa wakiendelea na matibabu yao!

Mweleze daktari habari za tumbo lako pia, hasa kama choo kimekuwa kigumu tangu uanze dawa. Anaweza kukubadilishia. Ukitaka nikusindikize, niambie tu siku.