Udongo wa Kabare na maji ya Ruzizi

Ndugu na dada wanakikundi, nawasalimu kwa heshima. Jumamosi asubuhi tutapanda tripsakumu, majani ya kulisha mifugo yanayoshika udongo, kwenye mteremko wa Kabare, na ninamwomba kila mmoja aje na jembe, kwa sababu mvua ya juzi imechimba mifereji mirefu kati ya migomba, na nimeona kwa macho yangu udongo mwekundu ukiingia ziwani pamoja na chupa za plastiki.

Maji ya Kivu, ziwa letu na Rwanda, yanatoka hapa Bukavu kwa mto Ruzizi, yanazungusha mitambo ya umeme, kisha yanapita mpakani mwa Burundi hadi Ziwa Tanganyika, ambako ndiko walikotoka sambaza wetu, samaki wadogo walioletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndiyo maana nchi hizi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, ziliunda ABAKIR, mamlaka ya bonde hili, na Mkataba wa Ziwa Tanganyika wa 2003 unaunganisha Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Ninaithamini sana mikataba hiyo, lakini udongo unaanzia kwetu mlimani.

Wenye mbuzi watakata majani hayo yakikomaa. Tafadhali leteni pia kamba za kupimia mistari.