Baridi ya uwanjani inaanzia miguuni
Mhariri, salamu kutoka Green Bay huku Marekani. Vijana wetu wanaokuja kusoma huku wakienda mechi za Packers, timu ya hapa ya futiboli ya Kimarekani, pale uwanjani kwao Lambeau Field mwezi wa 12 wanavaa koti moja nene wanaona wamemaliza, kumbe baridi inapandia miguuni, lile zege linanyonya joto balaa. Mi mara ya kwanza nilivaa raba na soksi za pamba, kufika hafutaimu vidole sivisikii, mzee mmoja wa pembeni akanipa kipande cha boksi nikanyagie, dah, afadhali! Vaeni soksi za sufu. Na bia haipashi joto jamani, inadanganya tu. Desemba 31, 1967 walicheza hapohapo kwenye nyuzi kama 25 chini ya sifuri, na uwanja ulijaa.
Msomaji wenu, Green Bay