Njia rahisi ya kutembea ni ipi? Pangani na milima ya Usambara kwa miguu

Karibu kila siku simu yetu ikilia, swali la kwanza huwa hili: "Dada, ni kilomita ngapi?" Anayeuliza mara nyingi ni mtoto anayetaka kumleta mama yake, au mwalimu mwenye wanafunzi wa darasa la tano, au mtu aliyeishi Muscat miaka mingi na sasa amerudi na wajukuu wasioijua Tanga. Tunamtajia kilomita zake, lakini tunajua bado hajapata alichokuwa anakitafuta. Kilomita mbili za Pangani saa saba mchana zitamchosha mama yake kuliko kilomita sita za Lushoto saa mbili asubuhi.

Sisi tunawatembeza watu kwa miguu hapa mkoani Tanga, pwani na milimani. Wateja wetu wengi si wapanda milima. Ni watu wa kawaida, wenye magoti ya kawaida, wengine wana sukari au presha, wengine wamebeba mtoto mgongoni. Kwao wao tumeandika haya, ili mtu ajue tunaposema "njia hii ni rahisi" tunamaanisha nini, na kwa nini siku nyingine tunamwambia mteja asubiri hadi jioni ingawa pesa yake ameshaituma.

Jambo la kwanza tunaloliangalia ni saa. La pili ni kivuli. La tatu ni udongo. La nne, ambalo watu hawaliulizi kabisa, ni mteremko. Urefu wa njia tunauangalia mwisho.

Pangani: tambarare, lakini jua halina huruma

Pangani iko kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Tanga mjini, pale Mto Pangani unapoingia baharini. Maji yanayopita mbele ya mji yametoka mbali, kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Mji wenyewe ni mdogo na hauna kilima cha kukutoa jasho. Mtu akiuona kwenye ramani anasema, ah, hapa hata bibi yangu atatembea. Atatembea kweli, lakini aanze mapema.

Tunaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likiwa bado chini, vitumbua ndiyo vinaipuliwa na wavuvi wanarudi na mashua zao. Tunatembea kandokando ya mto, tunapita majengo ya zamani ya forodha, tunaingia mtaa wa maduka yenye milango ya mbao na roshani zilizochoka, kisha tunafika Boma. Kwa mwendo wa kusimamasimama ni saa moja na nusu hivi. Kufika saa tatu tuko barazani tunakunywa kahawa, wala hakuna anayehema.

Kuna mahali tunasimama kila safari, penye ukuta mmoja uliobanduka lipu. Ukiweka kidole kwenye ufa wake unagusa matumbawe yenyewe, vitundu vyake vidogo vidogo kama sega la nyuki, yameshikizwa kwa chokaa. Juu yake boriti za mikoko bado zimekaa. Watoto wa shule hupenda sana pale, kwa sababu ghafla wanaelewa kwamba nyumba hizi zilitoka baharini, mawe yake na miti yake. Ukipita na gari hukioni kitu hiki, na hapo ndipo tunapoona thamani ya kutembea.

Boma lilijengwa karne ya 19 kama nyumba ya Mwarabu, baadaye Wajerumani wakalifanya ofisi ya utawala. Milango yake ya kuchonga tunawaachia watu waitazame kwa muda wao. Wazee wa hapa husimulia kwamba chini ya nguzo zake walizikwa watumwa wakiwa hai ili jengo lisimame imara. Tunalieleza hivyo hivyo kama wanavyolisimulia, kwa sauti ya chini, halafu tunanyamaza. Pangani ilikuwa mlango wa biashara ya pembe na ya watu, na mgeni hapaswi kuondoka na picha za milango peke yake.

Hapa pia ndipo moto ulipowaka Agosti 1888, Wajerumani wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki walipokuja kupandisha bendera. Aliyewaongoza alikuwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimpachika jina la Nyundo. Ndiye huyo huyo aliyeuawa na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo, karibu na Iringa, mwaka 1891. Watu wa pwani walikataa, wakaongozwa na Abushiri bin Salim, mwenye mashamba hapa hapa Pangani. Wajerumani walimnyonga katika mji huu tarehe 15 Desemba 1889. Tunapendelea kulieleza jambo hili tukiwa tumekaa kivulini, si juani. Historia nzito haisikilizwi na mtu anayefuta jasho.

Anayetaka kutembea ufukweni, tunamwomba atuachie sisi tuchague saa, kwa sababu bahari ina ratiba yake. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa alfajiri na kupwa sana kuelekea saa nne asubuhi. Hapo ukianza saa moja unakanyaga mchanga mbichi uliokazana, mguu hauzami, na nafasi inazidi kuongezeka kadiri unavyokwenda. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: saa nne ile bahari imejaa, umebakiwa na mchanga wa juu, mlaini, unaovuta misuli ya mguu kila hatua. Siku hizo tunatembea alasiri, kuanzia saa kumi. Mteja mmoja aliwahi kuniambia alitembea ufukwe ule ule mara mbili, mara ya kwanza akaapa harudii, mara ya pili hakutaka kuondoka. Ufukwe ulikuwa ni ule ule, maji ndiyo yaliyokuwa tofauti.

Kuhusu mavazi, Pangani ni mji wa Waislamu wenye heshima zake. Kanga begani na suruali iliyopita magoti vinatosha. Tusimpige mtu picha kabla ya kumwomba.

Kuteremka ndiko kunakoumiza

Ukitoka Pangani kupitia Muheza ukashika barabara kuu hadi Mombo, halafu ukapanda kilomita 33 za kona, unafika Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, ndiyo maana mtu aliyelowa jasho jana Pangani leo anatafuta sweta. Juni na Julai tafadhali msije bila sweta, na watoto wapewe soksi za kulalia. Anayechefuka kwenye kona akae kiti cha mbele na asile chakula kizito Mombo. Tunasimama pale Soni kwenye maporomoko, watu wapate hewa.

Baridi hiyo ndiyo inayofanya kutembea Lushoto kuwe kwepesi. Unakwenda saa nzima hujahisi kiu. Lakini milima ina mtego wake, na niseme wazi kwamba tuliujua kwa gharama ya mtu mwingine.

Miaka yetu ya mwanzo tulimpeleka mama mmoja mtu mzima, amekuja na binti yake kutoka Dar es Salaam baada ya Idi. Alipanda vizuri, anaongea, anachuma majani anayanusa. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Badala ya kurudi barabarani, mimi nikachagua njia ya mkato inayoshuka katikati ya migomba, kwa sababu ilikuwa fupi. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huteleza kama sabuni. Hatua ya ishirini hivi akaanza kushika miti. Ya hamsini akavua viatu. Mwisho akakaa chini juu ya jani la mgomba, mikono imejaa tope, akaniambia bila hasira, "Mwanangu, kupanda nimeweza. Kuteremka ndiko kulikonimaliza." Vijana wa kijijini wakatusaidia kumshusha polepole hadi barabarani, tukaita pikipiki. Goti lilimvimba siku tatu. Nilimpigia simu kila siku, na kila nikipiga najua kosa ni langu.

Tangu siku hiyo njia zetu zote za milimani tunazipanga upya kwa kuanzia mteremko. Mtu anapopanda, moyo na pumzi ndivyo vinavyofanya kazi, na akichoka anasimama, anapumzika, yamekwisha. Anaposhuka, uzito wote wa mwili unatua kwenye goti kila hatua, na kupumzika hakumsaidii sana. Kwa hiyo mwenye magoti mabovu tunamtembeza kwa kupanda taratibu au penye tambarare, na kurudi anarudi na gari. Njia za mkato tumeziacha kabisa mvua ikiwa imenyesha usiku, hata kama asubuhi jua limewaka.

Kwa anayekuja mara ya kwanza tunampendekezea Irente. Kutoka Lushoto mjini ni kilomita sita hivi kwa barabara ya vumbi, inapanda na kushuka kidogo kidogo katikati ya nyumba za Wasambaa, mashamba ya mahindi, kabichi na maharage, watoto wanakusalimia kila kona. Tunatoka saa mbili asubuhi, tunajipa saa mbili na nusu. Njiani kuna shamba la Irente wanakouza jibini, mkate na juisi, na kwa watu wengi hapo ndipo kituo kizuri kuliko vyote. Halafu ghafla ardhi inakatika. Unasimama juu ya jabali, chini yako tambarare kubwa ya kuelekea Umasaini, na barabara kuu imekuwa uzi. Ukingo ule si wa mchezo. Watoto washikwe mkono, na simu za kujipiga picha zisubiri mpaka mtu ameshakaa chini.

Tazama kule bondeni, mistari iliyonyooka ya kijani kibichi chenye buluu. Hiyo ni mikonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai ikawa 62 tu. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, pale pale tulipoanzia matembezi. Kutoka kwenye miche ile 62 ndiko kulikotokea mashamba unayoyaona chini ya miguu yako. Mimi huwa nafurahi mteja akiwa amepita Pangani kwanza, kwa sababu hapo Irente hahitaji maelezo marefu. Vivyo hivyo kwa habari za Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Wasambaa wa ukoo wa Wakilindi, aliyekaa Vuga, huku milimani: katikati ya karne ya 19 mkono wake ulifika hadi pwani, na majumbe wa huko walimtambua. Mlima na bahari havikuwa nchi mbili.

Wasio na siku ya kufika Lushoto tunawapeleka Amani, Usambara Mashariki, kupitia Muheza. Kule kivuli ni cha msitu mtupu, mti juu ya mti, na katika bustani ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 njia ni pana na za taratibu. Penye mawe yenye unyevu karibu na vijito tunaliinamia ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya laini. Kutoka kwenye milima hii Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwao, na leo liko madirishani Ulaya nzima. Vijijini mnaonja iliki na mdalasini vikiwa vibichi. Ila barabara ya kupanda Amani ina sehemu za udongo, wakati wa masika hatuahidi chochote. Na baada ya mvua siafu hutoka, kwa hiyo suruali iingizwe ndani ya soksi. Kuna ada ya kuingia hifadhini, inalipwa serikalini kwa namba ya malipo, na raia analipa kidogo kuliko mgeni. Sisi tunakuandalia, nawe unapewa risiti yako.

Viatu, wengi wanatuuliza. Huhitaji viatu vya bei. Raba yoyote iliyofunika vidole na yenye meno chini inatosha pote tulipopataja. Kandambili na makubadhi viwe vya Pangani jioni. Fimbo tunakupa sisi, na hata kijana aichukue, itamfaa wakati wa kushuka.

Ukitupigia, basi, tuambie mambo matatu: nani mkubwa kuliko wote katika kundi lenu na magoti yake yakoje, nani mdogo kuliko wote na kama anabebwa, na mnakuja tarehe gani ili tuangalie mwezi na mvua. Mwenye dawa za sukari au presha atuambie pia saa anazokula. Jioni ya kuamkia safari tutakupigia sisi, tukuambie saa ya kuondoka. Tukikwambia saa kumi na mbili na nusu, tafadhali iwe saa kumi na mbili na nusu. Vitumbua tutakuwa tumeshaviagiza.