Wahubiri, msianzie Isaya 53:1

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wahubiri wenzangu wa hapa Mwanza, wanaosimama kwenye mikutano ya injili pale Furahisha na kwenye mihadhara ya mitaani. Kwaresima ikifika, unabii wa mateso ya Masihi tunausoma mbiombio: mstari wa Zaburi, wa Zekaria, wa Isaya, spika zinanguruma, kisha “imetimia!” Muumini akirudi nyumbani, jirani yake akamuuliza swali moja tu, hana jibu. Hilo linaniuma, maana Maandiko haya yana nguvu kuliko tunavyoyasoma.

Wimbo wa Mtumishi wa Bwana, yaani unabii wa Isaya juu ya mtumishi anayeteseka, hauanzi Isaya 53:1. Unaanza 52:13, “Tazama, mtumishi wangu atatenda kwa busara.” Namba za sura ziliwekwa karne ya 13 baada ya Kristo, zikaukata wimbo shingoni. Wote ni mistari 15, mafungu matano ya mistari mitatu mitatu. Katika fungu la kwanza anasema Mungu, na la mwisho linafungwa kwa sauti yake. Fungu la pili na la tatu wanasema “sisi”, watu waliomdharau wakaja kugundua kwamba aliteseka kwa ajili yao. Anayeanzia 53:1 analiacha tangazo la Mungu kwamba mtumishi huyu atatukuzwa, tangazo lililotolewa kabla mateso hayajasimuliwa. Someni yote kwa sauti. Ni dakika chache tu.

Wayahudi wengi, akiwamo mfafanuzi mashuhuri Rashi aliyefariki mwaka 1105, husema mtumishi huyo ni taifa la Israeli. Tusiwabeze, kwa kuwa Isaya 49:3 yamwita Israeli waziwazi. Lakini someni mbele kidogo: katika 49:6 mtumishi huyohuyo anatumwa kuziinua kabila za Yakobo. Katika 53:8 anapigwa kwa makosa ya “watu wangu”, na 53:9 inasema hakutenda jeuri wala hapakuwa na hila kinywani mwake, ilhali 1:4 inaliita taifa lenyewe “lenye dhambi”. Ndiyo maana Wakristo tunaona hapa mmoja anayesimama mahali pa Israeli. Na anayedai kwamba maneno haya yaliandikwa na Wakristo baadaye, aelezwe habari za gombo la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947. Lina urefu wa zaidi ya mita 7, lilinakiliwa zaidi ya miaka 100 kabla ya Yesu kuzaliwa, na wimbo huu umo.

“Kwa kupigwa kwake sisi tumepona” (Isaya 53:5) ndipo tunapoumiza watu. Petro anayatumia maneno hayo (1 Petro 2:24) kuhusu dhambi, akiwaandikia watumishi waliokuwa wakipigwa bila haki. Anayetaka kuhubiri uponyaji wa mwili aende Mathayo 8:17, inayonukuu Isaya 53:4. Wala asimwambie mgonjwa anayemeza dawa kila siku aziache. Isaya hakusema hivyo, Petro hakusema, Mathayo hakusema.

Zaburi ya 22 nayo haikuandikwa kwa mtindo wa “atakuja”. Ni kilio, na kichwa chake kinamtaja Daudi. Yesu alikichukua msalabani kwa mstari wake wa kwanza, na Yohana 19:24 akaona mstari wa 18 katika kupigiwa kura kwa vazi lake. Msiishie hapo. Kuanzia mstari wa 22 kilio kinageuka sifa, na Waebrania 2:12 inauweka mstari huo kinywani mwa Yesu.

Kuhusu vipande thelathini vya fedha alivyolipwa Yuda kwa kumsaliti Yesu, jiandaeni. Maneno hayo yako Zekaria 11:12-13, lakini Mathayo 27:9 inamtaja Yeremia. Wafafanuzi wengi wanaona Mathayo ameunganisha manabii wawili na kumtaja aliye mkubwa: fedha na mfinyanzi vinatoka kwa Zekaria, kununua shamba kuko Yeremia 32:6-9, na gudulia la mfinyanzi, damu isiyo na hatia na bonde la maziko viko Yeremia 19. Swali hili huulizwa mara kwa mara kwenye mihadhara, kwa hiyo sura hizo zisomwe kabla ya kupanda jukwaani.

Mwalimu wa Biblia,
Nyakato, Mwanza