Vyama vya wachoraji haviuawi na simu, vinauawa na vyeti vya shukrani

Bwana Mhariri,

Mimi siyo mtu wa kuandika magazetini, gazeti lenu lenyewe nalisoma kwa jirani mwenye duka nikimaliza namrudishia, lakini ile makala yenu ya Jumapili imenikera mpaka leo. Bila shaka mnaikumbuka, ile iliyosema vyama vidogo vya wachoraji huku mikoani vinakufa eti kwa sababu vijana wamehamia kwenye simu, na kwamba hatuna ubunifu kama wenzetu wa Tingatinga, wale wachoraji wa Dar. Mwandishi hata hakusema ameongea na chama gani. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wachoraji hapa Ngamiani, Tanga, daftari la ada liko kwangu miaka na miaka, kwa hiyo naomba niseme kinachoviua maana mimi ndo naiona pesa inavyoingia na inavyogoma kuingia.

Vijana wapo. Wanakuja wamemaliza form four, wengine mkono mwepesi kuliko wetu, kuna binti mmoja anachora hina na piko kwenye maharusi, huyo ukimpa brashi namba moja mstari anaouvuta sisi wazee tunabaki kuangalia. Hawaondoki kwa sababu ya simu, wanaondoka kwa sababu mchana unafika na hawajala, mwenzake wa bodaboda saa hizo keshapata hela ya ugali na ya mafuta. Mimi huyo kijana nitamshikaje? Nimdai ada ya elfu tano?

Halafu Tingatinga. Haya, tuongee Tingatinga. Edward Said Tingatinga mtu wa Tunduru, kabla hajafika Dar alikuja huku huku mkoa wa Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, hilo hamkuliandika. Kaanza kuchora 1968, mwaka 1972 kapigwa risasi na polisi kimakosa, kafa. Miaka minne basi. Ingekuwa ni suala la ubunifu wa mtu mambo yangeishia makaburini. Waliofanya jina lisife ni wale ndugu zake na vijana aliowafundisha, wameendelea kukaa pamoja pale Morogoro Stores, Oysterbay, wanachora kwenye hadibodi na rangi ya mafuta ya dukani, hii hii ya milango na baiskeli, na pale wateja wapo, Wazungu wanaishi jirani, mtalii anashuka, anachagua, analipa taslimu anaondoka na picha yake. Mwaka 1990 wakawa ushirika kamili. Kwa hiyo walikuwa na sehemu ya kukaa na mtu wa kulipa. Sisi huku tuna wageni rasmi.

Nitoe mfano mmoja tu. Ilikuja ofisi moja hapa mjini, siitaji, wenyewe watajijua, wanataka ukuta mrefu wa barabarani uchorwe kwa ajili ya sherehe yao. Bei? Wakasema jamani hii ni ya jamii, mtajulikana, na malipo kidogo yatafuata utaratibu baada ya shughuli, kwa sasa anzeni na rangi yenu. Rangi yetu! Pesa iliyokuwepo ilikuwa ya kodi, na mnajua wenye nyumba wa Tanzania wanavyotaka, miezi sita kwa mkupuo. Mimi nilikataa, nikapigiwa kura nikashindwa, wenzangu walikuwa na hamu ya ule ukuta na siwalaumu, mchoraji hajawahi kuuangalia ukuta mweupe akanyamaza. Tukachora. Bandari, mkonge, ngalawa, akinamama wa Tanga na baiskeli zao, kazi ilipendeza mpaka watu wanasimama kupiga selfi. Siku ya siku mgeni rasmi akaja kachelewa, akakata utepe, hotuba ndefu kuhusu sanaa ni ajira, tukapewa soda na cheti cha shukrani ambacho jina la chama wamelikosea, halafu kimya. Nikienda ofisini naambiwa mhusika yuko semina. Nikirudi mhusika kahamishwa. Mvua za vuli hazijaisha vizuri nikasikia ule ukuta umekodishwa kwa kampuni ya simu wapake rangi zao na bei za vifurushi, na mafundi wao wakaja kwetu, kwetu sisi, KUAZIMA NGAZI. Na mzee wetu mmoja akawapa! Nilipomuuliza akasema mafundi hawana kosa, nao wanatafuta riziki. Kweli hawana kosa, ila wenzetu walikuwa wanalipwa kwa siku, tena kwa kufuta kazi yetu iliyotugharimu kodi ya nyumba, na mpaka leo ile ngazi ina matone ya rangi ambayo siyo yetu.

Na wakati tuko hapo hapo, hebu mtu aniambie nani aliamua mji mzima uhamie kwenye mabango ya plastiki ya kuprinti. Zamani chama kilikuwa hakitegemei kuuza picha ya simba, nani Ngamiani ananunua simba? Tulikuwa tunakula kwa herufi. Kinyozi anataka vichwa na mitindo ukutani, mama ntilie anataka samaki na sahani ya wali, mwenye duka anataka jina lake na "leo cash kesho mkopo", lori linataka maneno nyuma. Hiyo ndo ilikuwa inalipa chumba, na huko ndiko kijana alikuwa anajifunzia mkono. Sasa anaenda stesheneri dakika ishirini anatoka na bango lina picha ya msanii wa Marekani ambaye hata kunyoa hakuja, jua la Tanga likilipiga limekuwa bluu bluu, linachanika, linadondoka mtaroni, anaenda kuprinti lingine. Ukipiga hesabu katoa hela nyingi kuliko angetuita sisi. Lakini eti la kuprinti ndo la kisasa.

Mtasema tukakope halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani. Tumeiangalia. Nne ya wanawake, nne ya vijana, mbili ya wenye ulemavu. Chama chetu kina wazee, kina vijana wachache, kina binti mmoja wa hina. Sisi tuko kwenye asilimia gani? Na mji huu ndio ulikuwa na Black Star na Lucky Star, vilabu vya mtaani vilivyofanya taarab ya Tanga isikike pwani yote, sasa hivi ukitaja kikundi cha sanaa unaulizwa mnacheza ngoma gani, maana wana mgeni wa kumpokea uwanja wa ndege.

Pendekezo langu ni hili. Kuanzia sasa mgeni rasmi yeyote anayetaka kuja kusema sanaa ni ajira aje na galoni moja ya rangi NYEUPE, lita nne, na thina lita moja. Nasema nyeupe kwa sababu ndiyo inayoisha haraka, kila rangi inachanganywa nayo, hizo nyekundu na kijani tunazo za kutosha. Akikosa galoni asishike utepe. Na ofisi inayotaka kuchorewa ukuta itangulie na sisi dukani ilipie rangi yenyewe, risiti waandikiwe wao, ndipo tuongee mambo ya jamii. Vyeti tunavyo tayari, tumeziba navyo dirisha.

Mwandishi wenu akitaka kuandika tena aje tu, Jumamosi asubuhi tupo. Ila kuna mwenzake mmoja wa gazeti lenu hilo hilo alikuja kutuhoji kipindi kile, akaipenda picha ndogo ya mnazi na ngalawa, akasema anaenda kuipiga picha vizuri ofisini ataileta. Bei yake ni elfu thelathini na fremu elfu kumi.

Mweka hazina,
Ngamiani, Tanga