Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Maabara: neno "chanya" halitoshi

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunakuandikia sisi wa maabara na wa kliniki za viungo kuhusu neno moja linalojazwa kwenye fomu za majibu: "chanya". Vipo vipimo ambavyo neno hilo linavitosha. RF na anti-CCP, vipimo vya kingamwili vinavyosaidia kuainisha baridi yabisi, havimo.

Vigezo vya ACR na EULAR, vyama vya wataalamu wa viungo vya Marekani na Ulaya, vya mwaka 2010 vina alama 10, na mgonjwa akifikisha 6 anahesabiwa kuwa na baridi yabisi. Kingamwili zinachangia 0, 2 au 3. Vipimo vyote viwili vikiwa hasi, ni 0. Kimojawapo kikivuka kikomo cha juu bila kuzidi mara tatu ya kikomo hicho, ni 2. Kikizidi mara tatu, ni 3.

Mchukulie mgonjwa ambaye vifundo viwili vya vidole vimevimba, na hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza uvimbe huo vizuri zaidi: alama 2. Ana wiki saba tangu aanze: alama 1. ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe mwilini, ni za kawaida: 0. Sasa RF yake imesoma 75, na kikomo cha juu ni 20. Mara tatu ya 20 ni 60, hivyo anapata 3, jumla 6. Fomu ikirudi na "chanya" peke yake, vigezo vinataka RF hiyo ihesabiwe kuwa chanya ya chini, yaani 2. Jumla inakuwa 5. Damu ni ileile. Kilichopotea ni namba ambayo maabara ilikuwa nayo.

Kwa hiyo tunaomba fomu iwe na nafasi ya namba, kizio, kikomo cha juu cha kitendanishi (kemikali ya kupimia) kilichotumika, na njia ya upimaji. Kikomo kisiachwe. Vizio vya anti-CCP hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na "40" bila kikomo chake haimwambii daktari lolote.

Panapotumika kadi ya lateksi kupima RF, ambapo tone la seramu huchanganywa na chembe za lateksi zinazoganda kingamwili ikiwapo, namba hupatikana kwa kuzimua seramu: 1:2, 1:4, 1:8 na kuendelea, kisha kuzidisha kizimuo cha mwisho kilichoganda kwa uwezo wa kitendanishi. Kama kinashika kuanzia 8 IU/ml na kuganda kumekomea 1:8, jibu ni 64. Makosa mawili yanajirudia hapa. La kwanza ni kusoma kadi baada ya dakika mbili kupita. Tone likianza kukauka kingoni, linafanana na lililoganda. La pili ni baya zaidi: kingamwili zikiwa nyingi kupita kiasi, seramu isiyozimuliwa inaweza isigande kabisa, na mwenye kiwango kikubwa kuliko wote akaandikiwa "hasi".

Upande wa madaktari nao una lawama zake. RF inaagizwa kwa kila anayelalamika maumivu ya mgongo au magoti. Tuseme wamepimwa watu 1000 wa namna hiyo, na wenye baridi yabisi ni 10. RF ikiwa na uwezo wa kunasa asilimia 70 na umahususi (uwezo wa kutoka hasi kwa wasio na ugonjwa) wa asilimia 85, itawanasa 7 na kuwatia hofu bure wengine 148 au 149. Homa ya ini C, kifua kikuu, maambukizi ya vali za moyo na uzee wenyewe huweza kuipandisha. Anti-CCP ni mahususi zaidi, lakini nayo si ya kuchuja umati. Fomu ya kuagiza iulize kwanza: kuna kiungo kilichovimba? Kipi, na tangu lini? Pasipo uvimbe uliothibitishwa na mchunguzi, vigezo hivi havianzi kutumika.

Na "hasi" isisomwe kama ruhusa ya kumrudisha mgonjwa nyumbani. Viungo zaidi ya 10 vilivyoathirika, angalau kimoja kikiwa kidogo, ni alama 5. Wiki sita zikitimia anafika 6 bila kingamwili yoyote.

Jambo la mwisho ni dogo. Anti-CCP ikishatoka chanya kwa namba inayoaminika, kuirudia kila hudhurio ni kumaliza vitendanishi. Maendeleo ya matibabu hufuatwa kwa kuhesabu viungo vilivyovimba, na kwa ESR au CRP.

Wako katika kazi,
Wataalamu wa maabara na wa kliniki za viungo