Kibretoni si lahaja ya Kifaransa

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe makala mliyoichapisha Jumapili iliyopita kuhusu Bretagne, rasi iliyochomoza baharini kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, ambamo Kibretoni kiliitwa "lahaja ya Kifaransa".

Kibretoni ni lugha ya Kiselti, na ndugu zake wa karibu ni lugha za Wales na Cornwall, ng'ambo ya bahari. Kiliingia kwa vyombo: katika karne ya 5 na ya 6 wahamiaji kutoka kisiwa cha Britania walivuka bahari wakatua pwani iliyokwisha kuitwa Armorica, yaani nchi iliyo kando ya bahari, jina ambalo msomaji Mswahili hawezi kulipita bila kusimama, kwa kuwa na letu limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pwani. Nyayo zao zimebaki katika majina ya miji, kwani Plou, kama katika Plougastel, ni parokia, na Lan, kama katika Landerneau, ni mahali patakatifu. Hadi leo wenyeji hutenga Armor, yaani pwani, na Argoad, yaani bara yenye misitu.

Milki ya Bretagne iliunganishwa na Ufaransa mwaka 1532, lakini lugha iliendelea kustawi vijijini mpaka shule zilipoiandama. Mwanafunzi aliyenaswa akisema Kibretoni alivishwa shingoni mtalawanda, yaani kiatu cha mti, akakaa nao mpaka amnase mwenzake. Mimi nami nilivishwa kibao shuleni kwa kusema lugha ya mama, na uzito wa ile kamba naukumbuka hadi leo. Katikati ya karne ya 20 wasemaji walikuwa wapata milioni moja. Sasa hawafiki laki mbili, ingawa tangu 1977 shule za Diwan, neno lenye maana ya chipukizi, zinawafundisha watoto kwa lugha hiyo.

Ramani yenu nayo iliuacha mji wa Nantes nje ya Bretagne. Ni kweli kwamba serikali ya Vichy, iliyotawala Ufaransa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, iliutenga mji huo na Bretagne mwaka 1941, lakini ngome ya watawala wa Bretagne iko hapo hapo, na ndimo alimozaliwa mmoja wao, Anne wa Bretagne, mwaka 1477. Makala inayosimulia historia haina budi kuuonyesha.

Naomba masahihisho hayo mawili yachapishwe katika ukurasa ule ule.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Tanga